Aliyecheka Naye Alikuwepo

(Mazungumzo niliyotoa kwa wazazi, walimu na maustadhi, Langoni, Lamu, baada ya sala ya Alasiri. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila nimeacha vichekesho vinavyohitaji mikono na uso.)

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazazi wangu, walimu wenzangu, maustadhi, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni mkijifanya mnapita: karibuni, huku mbele nafasi ipo.

Nimeombwa nizungumzie watoto wanaoonewa na wenzao. Nimekubali, lakini nitaanza na mtoto aliyeonea, kwa sababu huyo ndiye ninayemfahamu vizuri zaidi. Ni mimi.

Nilikuwa darasa la nne. Tulikuwa na mwenzetu mwenye kigugumizi. Akiitwa kusoma, neno la kwanza lilimkaba: "Ki-ki-ki-ki..." Siku moja alipokwama, nikanyoosha mkono hewani nikavuta kamba, kama nahodha anavyovuta kamba ya mashini ya boti iliyokataa kuwaka. Sikutamka neno. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu naye akageukia ubao, mabega yakawa yanamtikisika.

Tangu siku hiyo jina lake likawa Mashini. Akipita kichochoroni, mtu avuta kamba. Akitumwa dukani nusu kilo ya sukari, mtu avuta kamba. Mpaka watoto wa mtaa wa Mkomani wasiomjua hata baba yake ni nani wakawa wakimwona wanavuta kamba. Alifika darasa la sita, akaacha shule, akaenda baharini na ami yake.

Sikumgusa hata kwa kidole. Lau mama angeniuliza kama ninamwonea mtu shuleni, ningeapa kwamba sijamwonea, na ningeapa kwa dhati.

Hapo ndipo penye ugumu wa jambo hili kwetu. Sisi ni watu wa utani. Kuna wazee katika mji huu ambao siku wakifariki, tangazo la msiba lazima litaje jina la utani, la sivyo watu watauliza, "Ni nani huyo?" Sitaki tuache utani. Mji wa Lamu bila utani si Lamu. Lakini utani una sheria yake na wote tunaijua: mtani hujibiwa. Nikikuita mlafi nawe waniita kichwa maji, tunacheka wawili, kisha tunakwenda kunywa kahawa. Mmoja akiwa anacheka na mwingine anatazama chini, huo umeshakuwa kitu kingine. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Na maustadhi walioko hapa wananizidi kwa elimu, lakini hata mimi najua kwamba Surat al-Hujurat, aya ya 11, inakataza watu kudharauliana na inakataza kuitana kwa majina mabaya. Watoto wetu wanaihifadhi aya hiyo asubuhi madrasani, kisha wanatoka nje, na kiatu cha pili hakijavaliwa, mtu ameshaitwa jina.

Mtu aliyelichunguza jambo hili mapema kuliko wengi ni Dan Olweus, mtaalamu wa saikolojia aliyezaliwa Uswidi na kufanya kazi yake kubwa Norway tangu miaka ya 1970. Yeye alitazama vitu vitatu. Kwanza, je, ni kwa kusudi? Pili, je, linarudiwarudiwa? Tatu, je, nguvu zao zinalingana? La tatu ndilo tunalolisahau. Watoto wawili wa rika moja wakipigania mpira hapo ufukoni, huo ni ugomvi. Watenganishe, kesho watacheza pamoja. Lakini nguvu si misuli peke yake. Mmoja ana marafiki kumi na mwenzake hana hata mmoja, nguvu hazilingani. Mmoja anazungumza Kiamu, Kiswahili cha Lamu mjini, na mwenzake amekuja juzi kutoka Faza, kisiwani Pate, na lahaja yake ya Kitikuu, au ametoka bara na matamshi yake, nguvu hazilingani. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tunaisema methali hii kwa kucheka, ila nimewaona hao kuku wakikaa peke yao wakati wa mapumziko muhula mzima.

Wala si jambo la shule moja mbaya mahali fulani. Mwaka 2019 UNESCO ilikusanya takwimu za nchi nyingi ikakuta kwamba karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 alikuwa ameonewa na wenzake shuleni angalau mara moja katika mwezi uliotangulia. Dawati la mbao hukaa watoto watatu. Nawaachia hesabu hiyo.

Sasa, mzazi utajuaje? Mtoto hasemi. Haya kwamba ameshindwa, woga kwamba ukienda shuleni mambo yatazidi, na neno "mchongezi" linalomsubiri akifungua mdomo. Kwa hiyo soma mwili wake. Tumbo linalouma kila Jumapili usiku na kupona kila Ijumaa jioni. Kalamu zinazopotea kila wiki. Pesa ya viazi karai umempa, na bado anarudi nyumbani akiwa na njaa ya mtu aliyefunga. Mtoto aliyekuwa amekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Na liko moja ambalo akina mama ndio walionifundisha: mtoto anaingia ndani mbio, hata salamu hajatoa, anakimbilia choo. Kila siku. Ukichunguza utakuta shuleni haendi msalani kabisa, kwa sababu huko ndiko anakongojewa.

Miaka michache kabla sijastaafu nilifanya jambo dogo na darasa langu. Niliwapa kila mtoto karatasi, nikawaambia wachore njia yao ya kila siku: nyumbani, shule, duka, madrasa, ufukoni. Kisha watie alama ya msalaba kila mahali wasipopenda kupita. Jina la mtu yeyote lisiandikwe. Nilitarajia vyoo vya shule, na kweli vyoo vilijaa misalaba. Nilitarajia pembe ya nyuma ya tangi la maji. Nilitarajia punda, na mtoto mmoja kweli alichora punda mwenye meno makubwa kuliko msikiti. Lakini karatasi kadhaa zilikuwa na msalaba mahali ambapo sikupatarajia. Nikaenda kupaangalia. Ni baraza. Baraza ya mawe ya kawaida, nje ya nyumba ya heshima, na watu wazima wamekaa pale na vikombe vyao vya kahawa.

Nilikaa nao siku tatu. Siku ya kwanza sikuona kitu. Siku ya pili akapita mtoto mnene, amebeba mkoba wa madrasa. Mmoja wa wazee, mtu mwema kabisa, mtu anayesali safu ya kwanza, akamwita: "Ewe gunia, leo umekula ngapi?" Wote tukacheka. Nasema tukacheka, kwa maana na mimi nilicheka kabla sijakumbuka nilichokwenda kufanya pale. Mtoto akatabasamu, watoto hufundishwa kutabasamu mbele ya wakubwa. Na nyuma yake walikuwa wavulana wawili. Kufikia kesho yake, shuleni jina lake lilikuwa Gunia.

Nani alimwonea mtoto yule? Wavulana wawili? Wao walirithi.

Huko Toronto, Canada, watafiti waliweka kamera na vinasa sauti katika shule mbili za msingi wakatazama watoto wakicheza. Waliyoyaona yalichapishwa mwaka 2001. Mtoto alipoonewa, karibu mara 9 kwa kila 10 walikuwepo watoto wengine wakitazama. Waliojitokeza kumtetea hawakufika mara 2 kwa kila 10. Lakini alipojitokeza mtu, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Sekunde kumi ni muda wa kumeza kahawa mara mbili. Na Christina Salmivalli wa Turku, Finland, alionyesha mwaka 1996 kwamba darasani hakuna watu wawili tu katika jambo hili. Yuko anayeonea, yuko msaidizi wake anayeshika mikono, yuko anayecheka na kuchochea, yuko anayejitenga na kujifanya haoni, na yuko anayemtetea mwenzake. Mpango wa Finland wa kupambana na uonevu shuleni, uitwao KiVa, umejengwa juu ya ugunduzi huo: badala ya kushughulika na muonevu peke yake, wanashughulika na hadhira yake.

Ngoma isiyo na watazamaji haichezwi usiku kucha. Mimi nisingevuta ile kamba mara ya pili kama darasa lingenyamaza mara ya kwanza.

Kwa hiyo nyumbani muulize mwanao swali hili badala ya lile la kawaida. Usimuulize tu, "Kuna anayekuonea?" Muulize, "Leo nani alichekwa? Wewe ulikuwa wapi?" Simtaki mtoto mdogo aende akapambane na jitu la darasa la nane. Yapo mambo mepesi kuliko hayo. Asicheke. Aondoke pale, maana akiondoka mmoja, wa pili atamfuata. Mapumziko yakifika akakae na yule aliyechekwa, amwambie, "Twende zetu tukanywe maji." Kisha amwambie mtu mzima. Na mfundisheni tofauti ya kuchongea na kutoa habari: unachongea ili mwenzako aingie taabuni, unatoa habari ili mwenzako atoke taabuni.

Mtoto akikwambia mwenyewe kwamba anaonewa, tafadhali, maneno yako ya kwanza yasiwe "Na wewe ulimfanya nini?" Nakujua, nami nimeyasema kwa wanangu. Mwambie ahsante kwa kuniambia. Mwambie si kosa lako. Nyamaza kidogo asimulie mpaka amalize, na akiwa na kigugumizi usimmalizie maneno. Kisha muulize angependa kifanyike nini, maana ameshanyang'anywa uamuzi huko nje, usimnyang'anye tena ndani.

Wala usimwambie "mrudishie". Akina baba, hapa nawasema nyinyi. Muonevu hachagui mtu anayeweza kumrudishia. Mwanao angeweza, asingechaguliwa. Ukimwambia arudishe, na akashindwa, sasa ameshindwa mara mbili, kule na mbele yako. Upande wa pili kuna bibi atakayemwambia mwenye nguvu mpishe. Hiyo ni methali nzuri njiani ukikutana na punda mwenye mzigo wa mawe. Kwa mtoto anayenyang'anywa pesa kila siku, ni kumfundisha kwamba dunia ndivyo ilivyo.

Na akina mama, mlango. Nyumba zetu zimetazamana, ukinyoosha mkono dirishani unagusa ukuta wa jirani. Mtoto akisema fulani kanipiga, mama huchukua buibui huyo mpaka mlangoni kwao, na sauti juu. Kabla ya Maghribi mambo ya watoto wawili yamekuwa ya koo mbili, yametajwa na ya urithi wa mwaka fulani. Mtoto wako anasimama pembeni anatazama, naye anajifunza kitu kimoja: sitasema tena. Nenda kwa mwalimu wa darasa. Nenda na tarehe na mambo yaliyotokea, umeyaandika. Asiposikia, nenda kwa mwalimu mkuu, kisha bodi ya shule. Likizidi, iko ofisi ya watoto ya serikali, na iko nambari 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, usiku na mchana. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Na mtoto akitamka kwamba heri afe, usimwambie ataje jina la Mola kisha ukaendelea kupika. Zima jiko, kaa naye, usimwache peke yake, umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mwishoni mwa mwaka 1982, kaskazini mwa Norway, wavulana watatu walijiua, na ikaonekana kwamba yaelekea waliteswa na wenzao. Mwaka uliofuata nchi nzima iliingia katika kampeni. Katika mji wa Bergen Olweus alifuatilia shule 42, na ndani ya miaka miwili visa vilipungua kwa karibu nusu. Na hawakununua mitambo. Walimu walitoka nje wakati wa mapumziko badala ya kunywa chai ofisini, madarasa yakatunga sheria zake, wazazi wakaitwa mapema. Chai ndiyo iliyowauma zaidi, nadhani.

Jambo la simu nitalipitia upesi, vijana mlangoni wanalijua kuliko mimi. Msichana mmoja alipigwa picha akitafuna mahamri, mdomo umejaa. Picha ikafanywa stika, ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, kila akiandika kitu anajibiwa kwa uso wake mwenyewe. Simu zilizotuma zilikuwa za nani? Za mama zao. Mama alikuwa pale pale ameketi, akasikia mlio, akaona watoto wanacheka, akafurahi kwamba wametulia. Ikimfika mwanao, usimnyang'anye simu kana kwamba yeye ndiye mkosa. Hifadhi picha ya kioo cha simu (screenshot) iwe ushahidi, mfungie anayetuma, kisha peleka ushahidi shuleni.

Sasa niseme juu ya anayeonea, maana kuna mzazi hapa ambaye mtoto wake ndiye, na huenda hajui, kama mama yangu hakujua.

Alikuwepo mvulana wa darasa la sita aliyekuwa akiwangojea wadogo kwenye kona ya muuza viazi na kuwatoza kodi. Kila mtu alitaka achapwe. Mzazi mmoja aliniambia yale maneno ya zamani, "Mwalimu, nyama yako, mifupa yangu." Nikamwambia sheria haituruhusu tangu mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtesa mwanafunzi kimwili na kiakili, kwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Lakini hata isingekuwepo sheria, ningemfundisha nini kwa bakora? Kwamba mwenye nguvu ndiye anayepiga. Hilo tayari alilijua, ndilo alilokuwa akilifanyia kazi kwenye kona.

Nilimwita peke yake. Hakujibu swali hata moja. Mwisho nikamuuliza, "Asubuhi nani anakuamsha?" Akasema, "Hakuna." Mama yake alikuwa Uarabuni, kazi za ndani, mwaka wa pili. Alikaa kwa mjomba, na mjomba mkono wake ulikuwa mwepesi. Hiyo haikumwondolea kosa. Alilipa zile pesa, shilingi kumi kumi, kutokana na kuswaga punda za mchanga siku za Jumamosi, na kila mtoto alirudishiwa mkononi mwake nikiwa nimesimama pale. Nilimpa kazi ya kugonga kengele ya asubuhi, na hiyo ilimlazimu kuja mapema, na mimi nikawa mtu wa kwanza kumsalimia. Sitawadanganya. Alirudia mara mbili. Kila aliporudia tulianza upya na malipo, bila makelele. Mara ya tatu haikuja.

Kitu kimoja sikukifanya: sikuwasimamisha mbele ya gwaride nikawaambia "peaneni mikono, mmesameheana." Tunapenda sana kufanya hivyo. Tunapatanisha kama kwamba wamegombana, na hawakugombana. Mmoja ameumizwa na mwingine ameumiza. Yule mdogo atatoa mkono kwa kuwa mwalimu ameamuru, na jioni atalipia mkono ule kichochoroni. Zungumza na kila mmoja mbali. Msamaha ukija, utakuja kwa miguu yake.

Mashini nilionana naye tena baada ya miaka ishirini na zaidi, gatini Mokowe, upande wa bara. Nilikuwa nimetoka Mombasa kwa basi, nimechoka, nikaingia boti ya kwanza. Nahodha alikuwa yeye. Nikamsalimia kwa jina lake la kuzaliwa. Nilikuwa na maneno niliyoyapanga miaka mingi, yakanitoka ovyo, nadhani kigugumizi siku hiyo kilikuwa changu. Akanisikiliza. Kisha akasema, polepole, bila kukwama mahali pengi, "Wewe ulikuwa mtoto. Mimi nakumbuka mabega ya mwalimu."

Akavuta kamba, mashini ikawaka, tukavuka.

Karatasi ziko mezani pale mlangoni, na penseli. Kila mzazi achukue moja, ampe mwanawe leo baada ya Isha, amwambie achore njia yake na atie misalaba. Usisimame begani kwake. Usimuulize jina la mtu. Jumatano mzilete kwa mwalimu wa darasa. Na mtu akikuta msalaba umetiwa kwenye baraza ya nyumba yake mwenyewe, au ndani, tafadhali asiifiche karatasi hiyo. Ailete kama zilivyo nyingine, hazina majina.

Maghribi haijafika, nadhani tuna nafasi ya maswali matatu. Mama kule nyuma mwenye mtoto mgongoni, wewe uliinua mkono tangu nilipotaja milango.